Mhadhiri ukishuku mwanafunzi kaibia au kaandikiwa kazi, unaanzia wapi? (Wadau wa Mtwara na Lindi)

#1 MhadhiriKusini
Wakuu, habari za jioni.

Nafundisha chuo kimoja hapa Mtwara mjini, jina tuliache. Tupo kwenye kusahihisha ripoti za utafiti za mwaka wa tatu. Mezani nina ripoti tatu za vijana watatu, kila mmoja na mada yake: malipo ya wakulima wa korosho kupitia AMCOS (vyama vya msingi vya ushirika) kule Tandahimba, soko la ufuta Ruangwa, na kipato cha wavuvi wa Mikindani. Sehemu ya changamoto za utafiti inafanana neno kwa neno, mvua zilimzuia mtafiti kufika kijijini na wahojiwa walikuwa mashambani. Hayo kila mtu huandika, nikapita. Sasa kwenye ripoti ya wavuvi, sura ya nne, nakuta jedwali la "idadi ya magunia yaliyopokelewa ghalani". Mvuvi wa Mikindani na magunia ghalani wapi na wapi?

Yupo na wa nne. Darasani Kiingereza kinampa tabu hadi unamwonea huruma, lakini insha aliyoleta imenyooka mwanzo mwisho. Mfumo wa chuo umeipa asilimia kubwa kwamba imeandikwa na akili mnemba (AI).

Wenzangu ofisini wamegawanyika. Mmoja anasema wape sifuri kimya kimya, wakija kulalamika ndipo uwaeleze. Mwingine anasema moja kwa moja kamati ya mitihani. Mimi msimamo wangu ni kwamba mwanafunzi asikilizwe kwanza, na asisikilizwe na mimi peke yangu. Nyie mnaonaje? Nawasilisha.

#2 Siti ya Mbele
Nimeshakaa. Uzi huu utafika mbali.

#3 Mzee wa Ligula
Mwalimu, unajiuliza nini tena? Peleka wote wanne. Mimi nimesimamia mitihani hadi nimestaafu, na nakwambia ukimhurumia mmoja, muhula unaofuata wanakuja kumi. Kijana anayeandikiwa ripoti leo ndiye keshokutwa anakaa AMCOS kupima korosho za mama yako. NECTA, wale wa Baraza la Mitihani, hawana mchezo, matokeo ya kidato cha nne 2022 walifuta ya watoto maelfu. Vyuo vikuu ndiko kuna kubembelezana.

#4 Kilwa Masoko
Mzee wa Ligula shikamoo. Hapo kwenye maelfu rekebisha. Waliofutiwa matokeo ya kidato cha nne 2022 ni 337: 333 kwa udanganyifu na wanne kwa kuandika matusi kwenye karatasi za majibu. Tukianza na namba zisizo zenyewe, tutaishia kuwafukuza watu kwa hisia.

#5 Mzee wa Ligula
Marahaba. Hata wangekuwa watatu, hoja yangu iko palepale.

#6 Fundi wa Majengo
Naingia kwa huyo wa nne, maana hapo ndipo watu wanaumizwa bila sababu.

Hivi vipimo vya akili mnemba havina uhakika mnaoufikiria. OpenAI, hao hao waliotengeneza ChatGPT, walitoa kipimo chao Januari 2023. Julai mwaka huo huo wakakiondoa wenyewe, sababu waliyoitoa ni kwamba usahihi wake ulikuwa mdogo. Chuo Kikuu cha Vanderbilt kule Marekani kilizima Agosti 2023 kipimo cha akili mnemba cha Turnitin, ile programu ya kukagua maandishi yaliyonakiliwa. Na watafiti wa Stanford mwaka huo huo walipitisha insha za TOEFL, yaani za watu ambao Kiingereza si lugha yao ya kwanza, kwenye vipimo kadhaa. Kwa wastani zaidi ya nusu ya insha hizo zikasomwa kuwa zimeandikwa na mashine, na zilikuwa za binadamu. Insha za watoto wa shule wa Kimarekani zilipita karibu zote.

Sasa fikiria kijana wa Kitangali anayeandika Kiingereza cha kukariri, sentensi fupi, maneno yale yale aliyofundishwa. Hicho ndicho kipimo kinachokiita mashine. Kumtia hatiani kwa asilimia peke yake ni sawa na kukataa gunia la korosho kwa kulitazama nje bila kuchukua sampuli.

#7 Bantu wa Nachingwea
Lakini Turnitin ikisema 40% si ndiyo kaiba 40%? Chuoni kwetu ukizidi kiwango inarudishwa bila maelezo.

#8 Fundi wa Majengo
Hapana ndugu. Unachanganya vitu viwili. Hiyo 40% ni ya kufanana, na inahesabu chochote kilichofanana na kilichomo kwenye hazina yao: jalada la chuo, orodha ya marejeo, hojaji, hata majina ya sheria. Turnitin wenyewe wanasema namba hiyo haithibitishi wizi, mwalimu lazima afungue asome palipopakwa rangi. Mtu anaweza kuwa na 30% na kazi ni yake halali, mwingine ana 4% na kazi yote kaandikiwa na mtu. Kipimo cha akili mnemba ni kingine kabisa, waliongeza Aprili 2023.

#9 Mpwa wa Newala
Nipo mwaka wa tatu, nisikilizwe na mimi.

Mleta mada umeandika kwamba huyo wa nne darasani Kiingereza kinampa tabu. Kuongea na kuandika ni vitu viwili. Mimi nyumbani ni Kimakonde, shule ya msingi Kiswahili mpaka la saba, halafu kidato cha kwanza ghafla kila somo Kiingereza isipokuwa Kiswahili chenyewe. Nikisimama mbele ya darasa la watu mia mbili ulimi unaganda, na wapo wanaosubiri nikosee wacheke. Nikiwa chumbani usiku na kamusi, naandika ukurasa mmoja, nafuta, naandika tena, kinatoka kitu. Ukinipima kwa jinsi ninavyojibu darasani, kila kitu nitakachoandika vizuri utasema si changu.

Muulize kuhusu alichoandika. Na muulize kwa Kiswahili. Kama kazi ni yake atakueleza kwa nini aliweka hoja ile pale na si kwingine.

#10 Bantu wa Nachingwea
Hili la kuuliza kwa Kiswahili nimelipenda. Ahsante Mpwa.

#11 Mzee wa Ligula
Aulizwe Kiswahili wakati somo ni la Kiingereza? Haya.

#12 Msemahaki
Wadau, ofisini kwa mleta mada wanajadili sifuri kimya kimya au kamati, kana kwamba ni suala la tabia ya mhadhiri. Siyo. Katiba yetu ya 1977, ibara ya 13(6)(a), inasema haki za mtu zinapohitaji kuamuliwa na mahakama au chombo kingine chochote, atapewa fursa ya kusikilizwa kwa ukamilifu na haki ya kukata rufaa. Kamati ya mitihani ni chombo. Sifuri ya kimya kimya ni adhabu bila kusikilizwa, hata ukiipa jina la alama. Mwanafunzi akienda Mahakama Kuu, na hapa Mtwara masjala ipo, jambo la kwanza litakaloulizwa ni je, alipewa tuhuma kwa maandishi? Alipewa muda wa kujiandaa? Aliyemtuhumu ndiye aliyemhukumu? Vyuo vinashindwa kesi hata pale ambapo mwanafunzi kweli aliiba, kwa sababu waliruka utaratibu.

Na ibara hiyo hiyo, kifungu kidogo cha (b), mtu hana hatia mpaka ithibitike.

#13 Kilwa Masoko
Msemahaki, (a) uko sahihi. Kwa (b) nenda taratibu, ile inamhusu mtu aliyeshtakiwa kwa kosa la jinai. Kamati ya chuo si mahakama ya jinai, haihitaji kuthibitisha pasipo kuacha shaka yoyote. Inatazama lipi lina uwezekano mkubwa zaidi. Tusiwape wanafunzi matumaini ya uongo.

#14 Msemahaki
Kwa kiwango cha uthibitisho tunakubaliana. Lakini kwa kosa ambalo adhabu yake ni kufukuzwa, kamati yenye akili itataka ushahidi mzito kuliko ule wa kukata alama tano.

#15 TCU Wako Wapi
Mimi sielewi kwa nini mnahangaika. Jina lipelekwe TCU, wao ndio wanaofukuza.

#16 Kilwa Masoko
TCU hawafukuzi mwanafunzi. Tume ni msimamizi wa vyuo: ithibati, udahili, ubora. Nidhamu ya mitihani ni ya chuo chenyewe kwa kanuni zake, inapanda kutoka idara, kitivo, kamati ya mitihani hadi Seneti. Ndiyo maana adhabu zinatofautiana chuo na chuo. Kwa kuingia na kikaratasi kwenye chumba cha mtihani, vyuo vingi adhabu ni kufukuzwa moja kwa moja. Kwa kunakili kwenye asaimenti au ripoti, zipo ngazi: kuandika upya, kukatwa alama, kurudia mwaka.

#17 Binti Mikindani
Mmezungumza ripoti tu, naomba nirudi chumba cha mtihani, maana huko ndiko tunakodhalilika.

Chuo fulani, si lazima nikitaje, msimamizi mwanaume alimshuku dada aliyekaa mstari wa mbele yangu kwamba ana visikilizio ndani ya hijabu. Hakumfuata pembeni. Alisimama palepale akamwambia mbele ya ukumbi mzima "vua hiyo nione". Dada akakataa, akaanza kulia. Akaitwa mgambo wa getini. Mwishowe akatafutwa mama mmoja wa utawala, wakaingia chumba cha pembeni, hakukutwa na kitu. Akarudishwa akae amalizie, muda hakuongezewa. Mtu katetemeka vile ataandika nini? Somo lile alipata sapu, yaani mtihani wa marudio, na hakuna aliyemwomba radhi.

Pwani yetu hii wasichana wengi tunavaa hijabu na wasimamizi wanalijua hilo kabla mtihani haujaanza. Wekeni msimamizi mwanamke kila ukumbi. Ukaguzi ufanyike mlangoni kwa wote, kabla ya karatasi kugawiwa. Na ukimkuta mtu na kikaratasi katikati ya mtihani, chukua kikaratasi, andika saa, msaini wote wawili fomu, mpe kitabu kipya cha majibu aendelee. Kelele za nini?

#18 Siti ya Mbele
Hii ya dada imeniuma sana.

#19 Mzee wa Ligula
Binti, hapo nakuunga mkono asilimia mia. Kumvua mtu hijabu ukumbini si usimamizi. Utaratibu ulioueleza mwishoni ndio wenyewe: mtahiniwa anaendelea kuandika, hukumu inakuja baadaye. Wasimamizi wa siku hizi hawasomi mwongozo wanaopewa.

#20 Shangazi wa Chikongola
Naongezea kwa mleta mada, kwa ile sentensi yako "asisikilizwe na mimi peke yangu". Shikilia hapo hapo.

Mhadhiri akimshuku binti, halafu akamwita ofisini saa kumi na moja jioni "tuongee tulimalize", hiyo ndiyo njia rushwa ya ngono inapopitia. Tuhuma inageuka kuwa kamba ya shingoni. Anaambiwa nimekukamata, naweza kukupeleka kamati, naweza kukusaidia. Hata kama kweli aliiba, kosa lake halimpi mwalimu ruhusa yoyote juu yake. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007, kifungu cha 25, inalitaja kosa hilo waziwazi. Nimekaa na mabinti wa watu wakilia sebuleni kwangu, wanaogopa kwenda TAKUKURU kwa sababu wao wenyewe wana la kuficha, na mwalimu analijua hilo.

Kwa hiyo wanaosema "mmalizane wenyewe, usimharibie maisha" wafikirie mara mbili. Kumalizana kwa siri kunamlinda nani? Mlango uwe wazi, awepo mtu wa tatu, iandikwe.

#21 Bantu wa Nachingwea
Shangazi umefunga hoja ya siri. Mimi nilikuwa upande wa kumalizana kimyakimya.

#22 Steshenari ya Bima
Nimesoma kimya tangu juzi. Nina duka la kuchapa na kudurufu, na najua mnachosema kuhusu sisi mitaani.

Niwape inavyokwenda. Kijana anakuja na flashi, wiki moja kabla ya kukabidhi. Ndani ana ripoti ya kaka yake wa mwaka juzi. Anataka abadilishiwe jina, mwaka, wilaya, na zao. Pale kwenye kompyuta kuna kitufe cha tafuta-na-badilisha: unaandika korosho, unaambia iwe samaki, inabadilisha kitabu kizima kwa mara moja. Mimi kazi hiyo siifanyi, nachapa na kujalidi tu, lakini wapo wanaoifanya na wengine hujifanyia wenyewe wakiwa wamekaa kwenye viti vyangu.

Mleta mada, fungua hiyo ripoti ya wavuvi, angalia kama kuna sehemu imeandikwa "Bodi ya Samaki Tanzania yenye makao makuu Mtwara". Bodi ya Korosho makao yake yapo hapa mjini, kwa hiyo neno lilipobadilishwa, bodi nayo itakuwa imebadilishwa.

#23 MhadhiriKusini
Steshenari ya Bima, nimefungua. Sura ya kwanza, aya ya tatu. Ipo kama ulivyosema. Na kwenye mapendekezo, "serikali isambaze salfa kwa wavuvi kwa wakati". Salfa, dawa ya mikorosho!

#24 Mzee wa Ligula
Salfa kwa wavuvi! Bado mnataka kumsikiliza?

#25 Msemahaki
Ndiyo, bado. Hiyo inathibitisha kwamba ripoti ya wavuvi imetengenezwa kutoka ya korosho. Haithibitishi yule wa korosho aliitoa. Unao watu watatu na huenda ni makosa matatu tofauti: mmoja kafanya kazi yake halali, mmoja kachukua bila mwenzake kujua, mwingine kauziwa na mtu wa nje. Ukiwapa wote adhabu moja, umemwonea aliyepanda basi hadi Tandahimba na kukaa na wakulima.

#26 Kilwa Masoko
Nina mfano wa hilo. Mei 2024, Kimbunga Hidaya kilipopita, barabara ya Dar ikakatika pale Somanga, na siku chache baadaye intaneti ikayumba vibaya nchi nzima kwa nyaya za chini ya bahari kukatika. Binamu yangu wa kike, chuo cha huku Kusini, alikuwa amemwazimisha mwenzake flashi aangalie mpangilio wa sura tu, kwa vile mtandao wa kuangalizia mfano haukuwepo. Mwenzake akanakili sura ya pili na ya tatu. Wakaitwa wote wawili. Kilichomwokoa binamu ni daftari: lile la kaunta, limechakaa, majina ya wahojiwa kwa herufi za mwanzo, tarehe, pembeni kachora ramani ya mitaa ya kijiji ili asipotee. Hojaji zilikuwa kwenye mfuko wa rambo, nyingine zina alama za vidole vya wazee waliosaini kwa wino. Kamati ilitazama daftari dakika tano ikamwachia. Mwenzake hakuwa na hata ukurasa.

Asingeitwa kusikilizwa, daftari lile lingejulikanaje?

#27 Mpwa wa Newala
Hapa ndipo tunaposema. Waambieni wanafunzi watunze madaftari yao.

#28 Korosho Daraja la Kwanza
Samahani kwa kutoka nje ya mada kidogo, kuna mwenye taarifa za mnada wa korosho wa wiki hii? Ada ya muhula wa pili inasubiri hapo hapo.

#29 Siti ya Mbele
Fungua uzi wako mkuu, hapa pana moto. Ila ming'oko ikifika sokoni utuambie.

#30 Mwalimu wa Takwimu
Nafundisha pia, upande wa Lindi. Nisiwe mkali kwa wanafunzi nikawasamehe wenzangu. Mada zile zile tunazitoa kila mwaka. Mswada wa kwanza hatuusomi, tunasaini. Mwanafunzi anatuona mara mbili, siku ya kupewa jina la msimamizi na siku ya kukabidhi ripoti iliyojalidiwa. Kisha tunashangaa kuna samaki ghalani.

Mimi nilibadilisha utaratibu wangu. Hojaji inaletwa kabla ya kwenda fildi. Data ghafi zinaletwa kabla ya sura ya nne kuandikwa. Kila anayewasilisha ananieleza jedwali moja ninalolichagua mimi. Aliyeandikiwa anajulikana mapema, wakati bado anaweza kurudi shambani na kufanya kazi, kabla haijawa kesi.

#31 MhadhiriKusini
Una wanafunzi wangapi wa kuwasimamia? Mimi mwaka huu wamenizidi, na vipindi viko palepale.

#32 Mwalimu wa Takwimu
Wamenizidi pia. Hilo sikatai, ndilo tatizo lenyewe.

#33 Bantu wa Nachingwea
Idadi ni kisingizio. Mtu anaiba kwa sababu anaogopa kudisco, yaani kuondolewa chuo kwa kufeli. Ukidisco bumu (pesa ya mkopo) linakatika, na nyumbani wameshauza korosho za msimu mzima. Ondoa hofu hiyo uone.

#34 Mzee wa Ligula
Sisi tulisoma kwa shida zaidi ya hizo na hatukubadilisha korosho kuwa samaki. Ni malezi.

#35 Binti Mikindani
Ni mitihani yenyewe. Ukiuliza maswali ya "taja na eleza" miaka yote, unamfundisha mtu kutafuta majibu ya mwaka jana.

#36 MhadhiriKusini
Wadau, mrejesho. Nimekaa na mkuu wa idara. Wanafunzi wote wanne watapewa barua zinazoeleza tuhuma na kurasa zinazohusika. Wana wiki moja. Watakuja kwenye vaiva, yaani kuhojiwa kwa mdomo, mbele ya wahadhiri watatu, akiwemo mama mmoja kutoka idara jirani, mimi nitakuwa shahidi tu, sitoi alama. Waje na madaftari ya fildi na hojaji zilizojazwa. Huyo wa nne atachagua lugha ya kujibu, na asilimia ya kipimo haitasomwa kwenye kikao. Swali langu sasa: hao watatu waitwe siku moja au siku tofauti?

#37 Msemahaki
Siku moja, vyumba tofauti vya kusubiria, maswali yale yale ya msingi. Na ripoti ya kikao asome na kusaini mwanafunzi mwenyewe.

#38 Mwalimu wa Takwimu
Usiwatenge kama wahalifu, watu watawaona korido nzima na chuo kizima kitajua kabla ya kikao kuisha. Mimi ningewaita siku tofauti.

#39 Mzee wa Ligula
Siku tofauti wataambiana maswali usiku huo huo kwenye WhatsApp. Siku moja.

#40 Mjomba wa Tandahimba
Salaam wote. Nina mpwa wangu chuo hapo Mtwara, nasomesha mimi baada ya baba yake kufariki. Nauliza, mambo kama haya yakimpata kijana, sisi tunaolipa ada tunajulishwa? Maana nisingependa kusikia kwa watu sokoni.

#41 Kilwa Masoko
Mjomba, kwa kawaida barua inaenda kwa mwanafunzi mwenyewe, ni mtu mzima. Chuo hakiwezi kutangaza tuhuma ambayo haijaamuliwa.

#42 Shangazi wa Chikongola
Kisheria sawa. Lakini huku kwetu kijana haendi kwenye jambo zito bila mjomba. Kanuni ingeruhusu aingie na mtu mmoja anayemwamini, akae kimya pembeni, wengi wasingetetemeka hadi kushindwa kueleza hata kazi waliyoifanya wenyewe.

#43 Msemahaki
Vipo vyuo vinavyoruhusu awe na mwakilishi wa serikali ya wanafunzi. Ndugu wa nyumbani, sijaona.

#44 Mjomba wa Tandahimba
Basi nitamuuliza mwenyewe akirudi likizo kama daftari lake la fildi analo.